Sanduku la Bruda na Lori la Kapelo

Soweto, Mbeya
Jumamosi jioni

Lwitiko, baba,

Usipekue kurasa kutafuta habari za sweta. Sweta lipo kwenye begi, sabuni ipo, na zile karanga alizokukaangia bibi yako zipo. Ukizimaliza kabla ya Tunduma, shauri yako. Umeshakuwa mtu mzima, una vindevu vya kutosha kujisifu navyo, kwa hiyo sikufundishi kuoga. Nimekaa hapa mezani wakati wewe unazunguka mtaani kuaga wenzako. Nataka nimalize kabla hujarudi, maana ukirudi tutabishana, na tukibishana mimi hupandisha sauti na wewe hununa, basi hapo hakuna anayemsikia mwenzake.

Ninaogopa. Naliweka hili mwanzoni usije ukasema mama alizunguka mbuyu. Naliogopa lori la kesho, namwogopa huyo mtu mnayemwita Kapelo, na kuliko vyote naogopa namna ulivyofikia uamuzi wako, kwa sababu namna hiyo nilikufundisha mimi mwenyewe.

Unakumbuka Jumapili ile baada ya ibada ulivyonikalisha kama mshenga aliyeleta posa. “Mama, mi sijakurupuka,” ukasema. “Nimehesabu.” Ukaanza kunitajia waliovuka mpaka na Kapelo kwenda kwenye migodi ya shaba. Asajile karudi Krismasi na redio kaseti na viatu vya raizoni, soli nene kama tofali, ambavyo hawezi kushuka navyo hata mtaro. Kaka yao wale mapacha kamwezekea mama yake nyumba kwa bati. Yule mwingine wa karibu na kanisa kaoa. Wote wamenenepa, wote wanacheka. “Sasa nitajie na wewe, mama. Mmoja tu, aliyekwenda akaharibikiwa.” Sikuwa naye wa kumtaja. Ukatabasamu na kuniambia, “Si ndivyo linavyofanya kazi sanduku la Bruda? Ukiwa na njia mbili, unafungua kadi, unaangalia ipi imeshinda.”

Nikacheka, nikainuka kwenda kutazama maharage. Maharage yalikuwa salama kabisa, nilitaka tu usinione uso.

Sanduku hilo umelikuta humu ndani na umelizoea, lakini jinsi lilivyojaa hujawahi kuelezwa vizuri. Wakati wewe ni mdogo unalelewa na bibi yako kule Rungwe, mimi nilikuwa muuguzi msaidizi kwenye hospitali ya misheni kule juu Iringa, wodi ya kifua kikuu. Wagonjwa wa kifua enzi zile walikaa mpaka wakasahau barabara ya kwao. Sindano kila siku, vidonge kama punje za mahindi, na muda uliobaki ni kulala barazani na mablanketi mawili mawili, upepo wa Iringa ukiwapiga usoni, kwa sababu daktari aliamini upepo ni dawa. Walikuwa wanagombana. Walikuwa wanagombania hata kivuli.

Ndipo Bruda akaleta sataranji. Bruda alikuwa mtawa mzee wa Kiitaliano aliyetunza stoo ya dawa, mtu aliyemsalimu kila mmoja “Kamwene!” kwa Kihehe chake cha puani, awe Mhehe asiwe Mhehe, hata ukiwa unatoka chooni. Alichonga mbao mbili za mchezo, akawafundisha, na kwa kuwa alipenda kutunza vitu kuliko alivyopenda kula, akaweka utaratibu. Mchezo ukimalizika, aliyeshinda anachukua kadi kuukuu ya dawa, anaigeuza nyuma, anaandika mchezo wote tangu mwanzo, nani alisogeza nini akakiweka wapi. Kadi inaingia kwenye sanduku. Macho ya Bruda yalipochoka, kazi ya kuzipanga nikapewa mimi. Hivyo ndivyo nilivyojifunza sataranji, kwa kusoma kadi za wagonjwa huku nimeshika sinia la vipimajoto.

Tulizipanga kwa jinsi mchezo ulivyoanza, kila mwanzo na bahasha yake. Unajua mwenyewe zilizojaa sana: askari wa mbele ya mfalme wa kila upande wanakutana katikati ya ubao, halafu anayeanza ana njia mbili. Anaweza kumtoa farasi, taratibu, kama mtu anayefungua duka asubuhi. Au anaweza kumsukuma askari wa pili mbele aliwe bure, ili apate nafasi ya kumvamia mwenziwe. Ile ya kwanza wodini tuliiita Farasi, ya pili tukaiita Sadaka. Bahasha ya Sadaka ilikuwa nene mpaka ikachanika, na karibu kila kadi ndani yake aliyetoa askari ndiye aliyeshinda. Bahasha ya Farasi ilikuwa nyembamba, mara huyu kashinda, mara yule. Mgonjwa mgeni akiniuliza aanze vipi, sikupoteza muda. Nilimwambia, “Toa Sadaka. Kadi zinasema.”

Na wewe nilikufundisha Sadaka, nikija likizo Rungwe, kabla hujajua kufunga kamba za viatu. Tulipohamia huku na sanduku letu, ukawapiga watoto wa mtaa wote. Ukawapiga walimu. Nilifurahi mno, nakiri, nilitembea Soweto nzima kichwa juu.

Sasa nisikilize habari ya baba yako. Najua umeisikia kwa bibi yako, na najua anavyoisimulia, na sitabishana naye hata neno moja. Alimzaa yeye. Mimi nakusimulia upande wa wodini, ambao bibi hakuuona.

Baba yako aliletwa pale akiwa mifupa. Baada ya miezi kadhaa ya sindano kikohozi kikakata, mashavu yakarudi, akaanza kunitania mbele ya wagonjwa wenzake mpaka mkuu wa wauguzi akanikaripia mimi badala yake. Daktari akamwambia bado, dawa lazima imalizike. Lakini kahawa kule kwao ilikuwa imeiva na mama yake yuko peke yake na wewe wa kulea. Siku moja akanishika mkono pale barazani. “Mama Lwitiko,” akasema, “daktari ana vitabu vyake. Wewe ndiye unayewaona watu. Hawa wanaoondoka kabla ya dawa kwisha, huwa inakuwaje?”

Nikafikiri. Sikumjibu ovyo, usidhani. Niliwahesabu kichwani kama ninavyohesabu kadi. Kulikuwa na Mbena mmoja aliyetoroka, akarudi mwaka uliofuata kutushukuru na jogoo. Kulikuwa na kijana wa Kihehe aliyepita kutusalimu akicheza ngoma pale uani atuonyeshe kifua kilivyopona. Kulikuwa na mama aliyekuja na mtoto mchanga akampa jina langu. Nikamwambia baba yako, “Wote niliowaona ni wazima.”

Na ilikuwa kweli. Mpaka leo linanichoma hilo, kwamba sikumdanganya.

Akaondoka. Kikohozi kilimrudia masika, na masika ya Rungwe unayajua, barabara zilikuwa uji. Alifia kwenye kitanda cha mama yake. Nilizika, nikakaa matanga, nikarudi kazini kwa sababu nilikuwa na wewe wa kulisha. Siku ya kwanza tu nilipoingia wodini, karani wa mapokezi, kijana mchangamfu aliyetoka likizo ndefu na hakuwa amesikia lolote, akaniita kwa furaha, “Dada, karibu! Mzee hajambo? Yule si alipona kabisa, akakimbilia kahawa yake?”

Baba yako alikuwa kaburini, na pale wodini alikuwa bado mzima. Nani angekuja kuwaambia? Anayekufa nyumbani harudi na jogoo. Kwa hiyo mgonjwa mwingine yeyote ambaye angemwuliza yule karani siku ile, “Wanaoondoka mapema inakuwaje,” angeambiwa mume wangu ni mfano mzuri.

Jioni hiyohiyo nilikwenda kupiga kengele. Kengele ya dawa niliipiga mimi, Lwitiko, kila jioni, miaka yote hiyo. Ikilia, mbao hukunjwa palepale na kila mtu hurudi kitandani, na utaratibu wetu ulikuwa kwamba mchezo usiomalizika hauandikwi. Ungeandika nini? Hakuna mshindi. Siku hiyo, kwa vile nilikuwa naona kila kitu upya, nikatazama ubao kabla hawajaukunja. Mmoja alikuwa ametoa Sadaka. Mwenzake alikuwa amemla askari, amejibanza, amevumilia vishindo vyote, na sasa yule wa Sadaka hana nguvu tena, ana upungufu wa askari, anakufa polepole. Kengele ikamwokoa. Akacheka, akamwaga vyote kwenye boksi.

Kesho yake nikatazama tena, na siku zilizofuata. Ilikuwa vilevile. Sadaka ikifanikiwa, inaua upesi, kadi inaandikwa kabla ya dawa. Ikishindwa, inashindwa kwa kuburuta miguu, mpaka kengele inalia na hakuna anayeandika. Bahasha ile nene niliyoiamini ilikuwa imejaa ushindi kwa sababu kushindwa kote nilikuwa nakufuta kwa mkono wangu, kwa kengele yangu, kisha naenda kupanga kadi.

Ungeniuliza mbona sikukwambia. Nilipoujua ukweli huo ulikuwa bado mtoto, na ulikuwa unashinda, na kushinda kulikuwa kunakufanya usimwulizie baba. Nikaacha. Hilo nalo lihesabu.

Ndiyo maana Jumapili ileile baada ya chakula nilikuomba tucheze. Ulishangaa, si ndiyo? Ukatoa Sadaka, ukijua kabisa utaitoa. Nikamla askari wako. Ukanivamia na malkia na farasi na makelele yako ya “Haya mama, haya!” nami nikajibanza, nikajibanza, nikamficha mfalme wangu nyuma kama nafunika sufuria. Humu ndani hakuna kengele. Tukaenda mpaka chai ikapoa na mjukuu wa jirani akalala kwenye mkeka, na ukashindwa. Ukausukuma ubao. “Bahati tu hiyo,” ukasema. “Kadi zinasema vingine.” Nilitaka kukujibu kwa kitu kikubwa kuliko ubao.

Nikaomba ruhusa kazini pale zahanati, nikapanda gari kwenda Mbalizi, huko Kapelo anakochukulia vijana. Sikwenda kuwatafuta waliorudi. Hao wanajitangaza wenyewe, unasikia redio yao tangu barabarani. Nilikaa sokoni nikauliza kitu kimoja tu, kwa sauti ya chini: nani mwingine alipanda lori la Kapelo?

Mama mmoja muuza viazi akaacha kupima. Ni Mnyakyusa mwenzangu, anaitwa Mama Tusekile. Tulisalimiana vizuri, nikanunua viazi ambavyo sikuvihitaji, hivyo umekuwa ukivila wiki nzima. Akangoja mteja mwingine aondoke.

“Wangu alikwenda,” akasema. “Ipyana. Aliniletea barua moja akiwa ng'ambo, basi.”

“Lini?”

“Kabla treni ya Wachina haijaanza kubeba abiria.”

Nikamtazama. Treni hiyo wewe ulikwenda kuishangilia ukiwa na kaptula ya shule. “Dada, mbona hatujawahi kusikia? Mbona hata kanisani hukuomba tumwombee?”

Akafuta mikono kwenye kanga. “Niseme nini, dada? Nikisema kafa, ni uongo, sijui. Nikisema mzima, sijui. Mambo yenyewe hayajaisha. Nikitangaza, si nitakuwa nimemzika mwanangu kwa mdomo wangu? Nakaa kimya tu. Akija, atatangaza mwenyewe.”

Nikamwuliza kama Kapelo amewahi kufika kwake. Akacheka kicheko ambacho sikukipenda. “Huyo? Akija sokoni hupitia kule kwenye nyanya. Nyumbani kwa Asajile anakunywa chai. Kwangu mimi hajui mlango uko wapi.”

Mama Tusekile akanipeleka kwa mzee mmoja Msafwa, juu kidogo kwenye mlima, ambaye mwanawe Yohana aliondoka safari moja na Asajile, lori moja, wamekaa bega kwa bega. Yule mzee hakutaka kuongea. Alisema tu, “Anakuja,” akarudi kupalilia. Kwa jirani yake tukaonyeshwa nyumba nyingine, na kutoka hiyo, nyingine tena. Kila mlango jibu ni lilelile: hatujui, tunangoja, usimwambie mtu. Asajile anajua Yohana hakurudi. Nilipomkuta njiani nikamwuliza, akaangalia raizoni zake akasema, “Tulipotezana kule, mama. Wengine walipelekwa kwingine.” Kwingine wapi, hakusema, na aliondoka haraka kuliko viatu vile vinavyoruhusu.

Ulitaka jina moja. Nimekuletea Ipyana, nimekuletea Yohana, na nimebakiwa na mengine. Sisemi wamekufa. Sisemi Kapelo ni mwuaji, simjui kiasi hicho. Nasema huna habari zao, na uliwahesabu kana kwamba hawakuzaliwa. Na tazama anavyowapanga: amewaambia msiende na pasi za kusafiria kwa kuwa yeye ana watu pale mpakani, na amewaambia msimuage mjumbe wa nyumba kumi kwa kuwa ataleta maneno. Kwa nini mtu anayewapeleka vijana kwenye kazi halali hataki majina yao yajulikane na mtu yeyote? Nimeliwaza hilo siku zote hizi nikichoma sindano za watu, na leo asubuhi nusura nimchome mtoto mmoja mara mbili.

Najua kwa nini unataka kwenda. Tangu majina ya kidato cha tano yatoke bila la kwako, umekuwa unatembea humu ndani kama mgeni aliyechelewa kuondoka. Unanionea haya. Unaona aibu kula. Sijawahi kukwambia hili na sijui kwa nini nimengoja mpaka leo: sijawahi kukuona mzigo, hata siku moja, hata nilipokufokea kwa ajili ya mafuta ya taa. Nakupenda mpaka inanikera. Ukikohoa tu usiku kwa sababu ya vumbi, mimi nakaa kitandani nahesabu kama utakohoa tena.

Wala sitalificha begi, wala sitajifanya mgonjwa kesho asubuhi, ingawa mambo hayo nimeyafikiria yote mawili, na la ugonjwa ningeliweza vizuri sana. Baba yako alinishika mkono akaniuliza, na mimi nikamjibu kwa nusu ya habari. Wewe nakupa nusu iliyobaki, halafu uamuzi ni wako. Ukiona bado inafaa kwenda, nenda ukijua unaingia kwenye bahasha ambayo hakuna aliyeisoma yote.

Ila kesho usishangae. Mmeambiwa mkutane pale Mbalizi alfajiri, karibu na magunia ya viazi. Hutanikuta peke yangu nikikupungia leso. Mama Tusekile atakuwepo. Yule mzee Msafwa naye amesema atashuka, na sikumlazimisha, alikuja mwenyewe mpaka zahanati jana, akasimama mlangoni na jembe lake, akasema, “Hiyo siku ya lori, ni lini?” Na wengine wamesema watakuja. Hatutamshika mtu. Hatutalia wala kuziba barabara. Tutasimama mbele ya Kapelo, na ninyi mmeshapanga foleni, na kila mmoja atamwuliza kwa sauti habari za mwanawe, kwa jina. Yuko wapi Ipyana. Yuko wapi Yohana. Ninyi hamtakuwa na kazi ila kumsikiliza anavyojibu.

Ukishasikia, panda au usipande.

Usipopanda, tutarudi pamoja kupika hivyo viazi. Ukipanda, nitakuaga na kukubariki kama mama anavyotakiwa, na sitakuaibisha mbele ya wenzako. Lakini ujue lori hilo litakuja tena kuchukua vijana wengine, na nitakuwepo palepale, na zamu yangu ikifika nitauliza, yuko wapi Lwitiko.

Mimi niliyekuzaa na bado sijachoka,
Mama yako